Saa Moja kwa Farasi: Wauguzi wa Milima ya Kentucky

Mtu asikiapo jina la Marekani hufikiri kwanza habari za majumba marefu, reli na mali nyingi. Si wengi wafikirio milima ya Appalachia, ipitayo katika majimbo mengi ya mashariki ya nchi ile, wala mabonde membamba ya jimbo la Kentucky, ambako hata mwaka wa 1925 gari lilikuwa halijapata njia ya kupita. Huko wilaya ya Leslie, ambayo mji wake mkuu ni Hyden, ilikuwa na watu kiasi cha elfu kumi, wala hapakuwa na daktari mwenye cheti akaaye kati yao.

Milima yenyewe si mirefu. Asiyejua angeiita vilima, maana vilele vyake havifiki futi 3,000. Lakini imekatwakatwa na vijito hata ni shida kupata mahali pa tambarare pa kutosha kujenga nyumba na zizi, na kila kijito kina bonde lake, na kila bonde lina jamaa zake, wanaoishi mbali na wenzao wa bonde la pili kama watu wa nchi nyingine. Wenyeji wake ni watu weupe wa asili ya Kiingereza, Kiskochi na Kiairishi, ambao babu zao waliingia huko kuanzia mwisho wa karne ya 18 wakitafuta mashamba. Waliyapata, lakini mashamba ya mteremko mkali. Walilima mahindi juu ya mlima kwa jembe la mkono, mvua ikachukua udongo, na mkulima yeyote ajua mwisho wa mambo hayo. Kisha wakaja wanunuzi wa mbao, misitu mingi ikakatwa, nayo fedha ya magogo ikaondoka pamoja na magogo.

Njia ilikuwa ni kijito chenyewe. Mtu atokaye nyumbani kwake hushuka mpaka majini, akafuata mkondo, farasi akikanyaga mawe, mara ng'ambo hii mara ng'ambo ile, mpaka kijito kinapoingia katika mto ule uitwao Middle Fork. Wakati wa masika maji hufurika na kila nyumba hugeuka kisiwa. Wakati wa baridi kali maji huganda kando kando, na farasi asiyepigwa misumari ya barafu katika kwato huteleza na kumwangusha ampandaye. Kituo cha reli kilichokuwa karibu kilikuwa Hazard, katika wilaya ya pili, mwendo wa kiasi cha maili 20 kuvuka milima. Mgonjwa wa kupasuliwa alilazwa juu ya machela ya miti na kubebwa na wanaume wakipokezana, hata wafike relini, ndipo apelekwe mji wa Lexington. Wengine walifika wakiwa hai.

Katika mabonde hayo wanawake walizaa watoto wengi, na aliyewasaidia alikuwa mkunga wa kienyeji. Mwaka wa 1923 mwanamke mmoja mgeni alipita kwa farasi na kwa nyumbu katika wilaya tatu, Leslie, Knott na Owsley, zaidi ya maili 600, akiwatafuta wakunga hao mmoja mmoja ili aone kazi yao. Alizungumza na 53. Wengi wao walikuwa vikongwe. Wako waliokuwa safi na wenye busara, na wako ambao nyumba zao zilikuwa chafu kupita kiasi. Mama akivuja damu, baadhi yao walijua dawa moja tu, nayo ni kuweka shoka chini ya kitanda, makali yakitazama juu, ili likate damu. Si haki kuwadharau. Walitoka usiku katika mvua walipoitwa, mara nyingi bila malipo, na kama si wao mama wa milimani angekuwa peke yake. Lakini shoka halizuii damu.

Mgeni huyo alikuwa Bibi Mary Breckinridge, naye hakuwa mtu wa kutazamiwa mahali kama pale. Alizaliwa mwaka wa 1881 katika mji wa Memphis, katika ukoo mkubwa wa Kusini. Babu yake, John C. Breckinridge, alikuwa Makamu wa Rais wa Marekani, kisha akawa jemadari upande wa majimbo yaliyojitenga na kupigana kwa ajili ya utumwa. Baba yake alipata kuwa balozi katika Urusi. Binti alisomeshwa na walimu wa nyumbani, akapelekwa shule Uswisi, akafundishwa adabu za wenye cheo. Mume wake wa kwanza alifariki mwaka wa 1906, baada ya ndoa ya miaka miwili tu. Ndipo mjane huyo alipoingia chuo cha uuguzi katika hospitali ya St. Luke's, New York, akamaliza mwaka wa 1910. Akaolewa tena. Mwaka wa 1916 alizaa mtoto wa kike kabla ya wakati wake, naye akaishi saa chache tu. Mwanawe wa kiume, aliyeitwa Breckie, alikufa Januari 1918, akiwa ametimiza umri wa miaka minne siku chache zilizopita. Ndoa ile nayo ikavunjika.

Ikiwa watoto wa mwenye nyumba kubwa, aliye na fedha na elimu ya uuguzi, waliweza kufa hivyo, je, mtoto wa mlimani? Bibi Breckinridge aliishika fikira hiyo, hakuiacha tena. Vita vya 1914 hadi 1918 vilipokwisha alikwenda Ufaransa kuwahudumia akina mama na watoto katika nchi iliyoharibiwa, na huko ndiko alikofahamiana na wauguzi wa Kiingereza waliokuwa pia wakunga waliofundishwa kazi hiyo. Katika Marekani wakati huo mambo mawili hayo yalikuwa mbalimbali: mwuguzi hakuwa mkunga, na mkunga hakuwa na mafunzo ya chuo. Yeye aliona kwamba milimani mtu mmoja lazima ayajue yote mawili, maana wawili hawatapatikana. Basi alikwenda Uingereza, akiwa amekwisha kupita umri wa miaka arobaini, akajifunza ukunga katika hospitali ya Woolwich, London, pamoja na wasichana wadogo, akafanya mtihani na kupata cheti.

Toka London alikwenda Uskochi, na safari hiyo ndiyo iliyompa ufunguo. Tangu mwaka wa 1913 Serikali ilikuwa imeanzisha huduma ya matibabu kwa watu wa milima na visiwa vya kaskazini ya Uskochi, watu maskini waliotawanyika, na mtu mmojawapo wa kuiunda alikuwa Sir Leslie Mackenzie. Huko wauguzi hawakungojea wagonjwa hospitalini. Walitawanywa, kila mmoja na mahali pake, na nyuma yao akawapo daktari, na nyuma ya daktari hospitali. Bibi Breckinridge alizunguka visiwani mwaka wa 1924 akitazama na kuuliza maswali. Alikuwa na desturi njema ya kutoona haya kujifunza kwa wengine.

Tarehe 28 Mei, 1925, mkutano ulifanywa Frankfort, mji mkuu wa Kentucky, ikaanzishwa halmashauri ya kuwatunza akina mama na watoto wachanga. Tangu mwaka wa 1928 kazi hiyo imejulikana kwa jina la Frontier Nursing Service. Alianza Hyden na wauguzi wawili waliokuwa na cheti cha ukunga cha Uingereza, katika nyumba ya kupanga. Yeye mwenyewe alichagua mahali penye miti mikubwa ng'ambo ya mto Middle Fork, maili chache toka Hyden, akajengewa nyumba ya magogo, akaiita Wendover. Kila msumari na kila kioo cha dirisha kilifika kwa gari la kukokotwa na nyumbu kupitia mtoni.

Hesabu aliyoiweka ilikuwa nyepesi kuifahamu. Mama akishikwa na uchungu, au akianza kuvuja damu, mwuguzi na awe mahali ambapo aweza kumfikia kwa farasi katika muda wa saa moja. Katika njia zile saa moja ni maili tano au sita. Basi alichora duara za maili hizo juu ya ramani, akaweka kituo katikati ya kila duara: Beech Fork, Red Bird, Flat Creek, Brutus, Bowlingtown, Confluence. Kufika mwaka wa 1930 vituo sita vilizunguka Hyden na Wendover, vikitunza nchi ya kiasi cha maili 700 za mraba. Kila kituo kilikuwa nyumba ya kukaa wauguzi wawili, chumba cha kuwatazama wagonjwa, zizi la farasi, ng'ombe wa maziwa na bustani.

Tena kila kituo kilikuwa na baraza lake la wenyeji. Hapo ndipo wengi walioleta maendeleo vijijini walipojikwaa, maana walijenga kwanza wakauliza baadaye. Watu wa milima ile walikuwa wenye kiburi na wepesi wa kushika bunduki. Ugomvi wa koo na koo ulikuwa umewapa sifa mbaya katika magazeti ya mijini, na mgeni aliyekuja na maagizo alipewa mgongo. Bibi Breckinridge aliketi barazani mwao na kuwaeleza. Walipokubali, walitoa ardhi, mbao, mawe na kazi ya mikono yao. Wauguzi walipita peke yao usiku katika vijia ambavyo askari wa kodi ya pombe hawakupenda kuvipita hata mchana, wala hakuna aliyewagusa.

Malipo yalikuwa dola moja kwa mwaka kwa kila nyumba, na dola tano kwa mama mjamzito, nazo zilihesabu kumtembelea kabla ya kuzaa, kumzalisha na kumtunza baadaye. Dola tano si kitu kidogo kwa mtu ambaye hushika fedha mara chache katika mwaka. Kwa hiyo walilipa kwa majani makavu ya farasi, mahindi, mayai, kuku, au kwa siku kadhaa za kutengeneza ua. Mtu asiye na kitu alitibiwa vivyo hivyo, lakini hesabu iliandikwa, kwa kuwa waliona kwamba mtu apewaye bure kila siku hupungukiwa na heshima yake. Fedha zilizobaki, ambazo ndizo nyingi, Bibi Breckinridge alizitafuta kwa kuhutubia matajiri wa miji mikubwa. Wasichana wa nyumba za matajiri hao walikuja pia, tangu 1928, kujitolea kwa majuma kadhaa kuwasafisha farasi, kupeleka barua na kuwaongoza wageni njiani. Wengi walikuwa hawajapata kushika fagio kwao.

Wito wa usiku ndio uliokuwa kipimo cha mambo yote. Mume alifika kituoni gizani, akiwa juu ya nyumbu au kwa miguu, taa mkononi. Ilikuwa ahadi ya wauguzi kwamba mume akiweza kumfikia mwuguzi, mwuguzi atamfikia mkewe. Basi mwuguzi aliondoka kitandani, akavaa suruali nzito za kupandia farasi, akaweka tandiko kwa mkono wake. Kila ubavu wa farasi alitundika mfuko wa ngozi, na katika mifuko hiyo miwili ndimo zilimokuwa vyombo vyote vya kuzalisha: mikasi, nyuzi za kufungia kitovu, mabeseni, sabuni, matone ya dawa ya macho ya mtoto, dawa za kuzuia damu. Mume alitangulia na taa. Mto ukiwa umejaa, waliwaacha farasi waogelee, na mifuko ikainuliwa juu isiingie maji, maana mifuko ile ilikuwa na thamani kuliko viatu vya mwuguzi.

Nyumba ikawa ya magogo, chumba kimoja au viwili, na moto katika meko ya mawe. Lakini mwuguzi hakuwa mgeni humo. Alikuwa amekuja kila majuma mawili tangu mimba ilipoandikishwa, na kila juma miezi ya mwisho, akipima damu na mkojo, akitazama miguu kama imevimba. Alikuwa amemfundisha mama kutengeneza matandiko ya kuzalia kwa magazeti makuukuu na kitambaa safi kilichochemshwa, kwa maana gazeti ni kitu ambacho hata maskini aweza kukipata, nalo huchomwa baadaye. Maji yalichemshwa, mikono ikasuguliwa kwa brashi, watoto wakubwa wakapelekwa kwa jirani. Mambo yakienda sawasawa, mwuguzi alikaa na kungoja, kwa kuwa kungoja ndiyo sehemu kubwa ya ukunga, na mkunga mwenye haraka ni hatari. Mambo yakienda vibaya alikuwa na kitabu cha maagizo kilichotungwa na madaktari wa Lexington, kikionyesha lililo ruhusa kwake kulifanya na lile ambalo lazima amwite daktari. Baada ya mtoto kuzaliwa alirudi kila siku, siku kumi.

Hayakuwa mambo ya uzazi peke yake. Mtoto mmoja akipatikana na homa ya matumbo, mwuguzi alikwenda kutazama kisima na choo, au mahali ambapo choo kingekuwapo. Walichanja watu wengi kwa ajili ya ndui, wakapiga sindano za kukinga homa ya matumbo na dondakoo, shuleni, mabarazani, hata kando ya njia. Walitafuta safura katika watoto wenye rangi ya majivu ambao walimu waliwaita wavivu. Kazi hii ya sindano na vyoo haisimuliwi sana, kwa kuwa haina farasi wa usiku wala taa, lakini iliokoa wengi.

Tarehe 26 Juni, 1928, hospitali ndogo ya mawe ilifunguliwa juu ya mteremko pale Hyden, naye aliyeifungua alikuwa Sir Leslie Mackenzie mwenyewe, aliyetoka Uskochi na kupanda farasi uzeeni kuja kuiona mbegu yake katika udongo wa wengine. Mvua ilinyesha sana, na watu wakaja hata hivyo.

Kisha mambo yakawa magumu. Biashara ya Marekani ilianguka mwaka wa 1929, na mwaka wa 1930 ukame ukakausha mahindi ya Kentucky. Matajiri walipunguza sadaka, mishahara ikakatwa, na wauguzi wengi wakakubali kubaki. Mwaka wa 1931 Bibi Breckinridge aliangushwa na farasi akavunjika mgongo. Tangu hapo alivaa mshipi wa chuma kuuzuia mgongo wake, akaendelea kusafiri na kuhutubia.

Kuna jambo moja lisilofaa kufichwa. Mwanamke huyu aliyevuka mito kwa ajili ya maskini alikuwa na fikira za kubagua rangi, alizozirithi katika nyumba za Kusini alimolelewa, wala wauguzi weusi hawakupokewa katika kazi yake. Wakati ule ule wakunga weusi walikuwa wakiwazalisha maelfu ya akina mama katika majimbo ya Kusini. Kazi yake ni kubwa na kasoro hiyo ni kubwa, na msomaji ana haki ya kuyajua yote mawili.

Hesabu ziliandikwa tangu siku ya kwanza. Alijua kwamba madaktari wa mijini hawatasadiki maneno ya wakunga wapanda farasi. Kampuni kubwa ya bima, Metropolitan Life, ilikubali kuzichungua. Mwaka wa 1932 mtaalamu wake wa hesabu, Louis Dublin, alitoa taarifa ya uzazi elfu moja wa kwanza: hakufa mama hata mmoja kwa sababu zitokanazo na mimba au uzazi wenyewe. Katika Marekani nzima wakati huo walikufa zaidi ya 60 katika kila watoto elfu kumi waliozaliwa hai. Hata ilipofika miaka ya 1950, na uzazi 10,000 ukawa umeandikwa milimani, waliokufa walikuwa 11. Hao walikuwa wanawake maskini, wengi wao wakizalia nyumbani kwa mwanga wa taa ya mafuta, huku wenzao wa New York wakipita madaktari kumi mtaa mmoja.

Vita vilipoanza Ulaya Septemba 1939, wauguzi wa Kiingereza, ambao ndio waliokuwa nguzo ya kazi, walirudi kwao mmoja mmoja kuitumikia nchi yao. Vituo vingeweza kufungwa. Badala yake, tarehe 1 Novemba mwaka ule ule, shule ya ukunga ilifunguliwa huko huko Hyden, yenye wanafunzi wawili. Shule ile leo ni Frontier Nursing University, makao yake yamehamia mji wa Versailles katika Kentucky, na wanafunzi wake wa majimbo mbalimbali hujifunza sehemu kubwa ya masomo wakiwa kwao, katika wilaya zilizo na upungufu wa wakunga, ambazo hazijakwisha hata sasa.

Bibi Breckinridge alifariki Wendover tarehe 16 Mei, 1965. Wakati huo barabara zilikuwa zimechongwa mlimani, na jeep ilikuwa imechukua mahali pa farasi kwa miaka kadhaa. Mwaka wa 1975 hospitali mpya yenye jina lake ilifunguliwa Hyden. Nyumba ya magogo ya Wendover ingaliko juu ya mto, na mwaka wa 1991 ilitangazwa kuwa mahali pa kumbukumbu ya taifa.

Lakini si vituo vyote vilivyosalia. Karibu na mwaka wa 1960 Serikali ilizuia mto Middle Fork kwa bwawa la Buckhorn ili kuzuia mafuriko, na maji yakapanda mabondeni. Watu wa Bowlingtown walihamishwa, makaburi nayo yakahamishwa, na kituo chao pamoja na kile cha Confluence vikaondoka. Mahali ambapo farasi wa wauguzi walikuwa wakivuka, maji yakiwafika tumboni, sasa ni ziwa, na watu hupita juu yake kwa mashua wakivua samaki.